Mji Mdogo Wenye Jina Kubwa

Ukubwa wa mji ni jambo moja, na ukubwa wa jina lake ni jambo jingine. Iko miji yenye watu maelfu kwa maelfu, yenye viwanda na maghala, ambayo mtu wa nchi ya jirani hajapata kuisikia kamwe. Tena viko vituo vya njiani, na vijiji vyenye duka moja na mti mmoja wa kivuli, ambavyo majina yake yamevuka bahari. Wahenga walituonya wakasema, usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima. Jambo hili nimelifikiri kwa muda mrefu, kwa kuwa nilizaliwa katika mji mdogo wenye jina, na leo ninakaa mahali padogo zaidi penye jina kubwa zaidi. Kwa hiyo nataka kuwaeleza wasomaji wenzangu jinsi jina la mahali padogo linavyopata kukua, na lina faida gani kwa mtu wa kawaida, mkulima au karani kama mimi.

Makao yangu ni Dagoretti Corner, upande wa magharibi wa Nairobi. Msomaji asiyepafika asidhani kwamba ni mji wenye mipaka na meya. Ni kona tu, mahali ambapo barabara ya Naivasha yaachana na barabara ya Ngong. Mtu mwenye miguu mizima aweza kupavuka kwa dakika chache. Atakutana na matatu zikiita abiria, maduka ya dawa, vinyozi, mama wauza chakula, mafundi seremala waliopanga vitanda na makabati kando ya njia, na vijana wa bodaboda wakingoja wateja. Ukishika barabara moja utafika Karen na hata Ngong. Ukishika ya pili utapita Kawangware, hata ukutane na barabara kuu iitwayo Waiyaki Way. Basi, hayo ndiyo yote. Walakini, mtaje Dagoretti Corner kwa dereva ye yote wa Nairobi, naye hatakuuliza ni wapi.

Jina la Dagoretti ni la zamani kuliko mji wa Nairobi wenyewe. Mwaka wa 1890, reli ilipokuwa haijaanza kujengwa na Nairobi ilipokuwa bado bonde la maji baridi na nyasi, Kapteni Frederick Lugard alifika katika nchi ya Wakikuyu kwa niaba ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki. Akafanya urafiki wa damu na Waiyaki wa Hinga, mzee mashuhuri wa sehemu hizo, akajenga boma Dagoretti. Lugard akaendelea na safari yake kwenda Uganda. Urafiki ule haukudumu, kwa maana watu wa kampuni walikuwa wakichukua vyakula na mali za wenyeji kwa nguvu, na boma likaachwa, likateketezwa. Mwaka wa 1891 likajengwa boma jingine karibu na hapo, likaitwa Fort Smith. Mwaka wa 1892 Waiyaki alikamatwa katika boma hilo, akiwa amejeruhiwa kichwani, akapelekwa njia ya pwani chini ya ulinzi. Hakufika pwani. Alifia Kibwezi, akazikwa huko.

Na Kibwezi ndiko kwetu. Ni mji mdogo katika Ukambani, karibu kilometa 200 kutoka Nairobi kwa njia ya Mombasa, nchi ya joto, yenye mashamba ya mkonge, mtama na mbaazi. Nilipokuwa mtoto nilisikia wazee wakimtaja Waiyaki, nami sikufahamu kwamba siku moja nitakaa mahali ambapo habari yake ilianzia. Tena si mtu huyo tu aliyeunganisha miji hii miwili. Wamisionari wa Scotland walianza kazi yao Kibwezi mwaka wa 1891. Homa ikawasumbua sana, na mwaka wa 1898 misheni ikahamishwa kwenda upande wa Dagoretti, hata ikatulia mahali ambapo wenyeji walipaita Thogoto, yaani Scotland kwa matamshi ya Kikuyu. Kwa hiyo Dagoretti iliipa Kibwezi kaburi, na Kibwezi iliipa Dagoretti shule na hospitali. Miji mikubwa ya leo haikuwako wakati huo. Majina madogo ndiyo yaliyokuwa yakisafiri.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Jina la mahali padogo lakuzwa na nini? Kwa kadiri nilivyoona, majina hayo hupita katika milango mitatu: mlango wa njia, mlango wa tukio, na mlango wa kazi.

Mlango wa njia ndio tuufahamuo zaidi sisi tulioko kando ya barabara ya Mombasa. Mtito Andei, ambayo kwa lugha yetu ya Kikamba maana yake ni msitu wa tumbusi, ni mji wa kupumzikia tu. Lakini kwa kuwa uko karibu nusu ya safari kati ya Nairobi na Mombasa, hapana abiria wa basi asiyeujua, hata mwenye kulala njia nzima, maana huamshwa hapo ale chakula. Sultan Hamud ni safu ya maduka, nayo yabeba jina la Sultani wa Unguja, Hamud bin Muhammad, aliyetawala tangu 1896 hata 1902. Mackinnon Road yabeba jina la Sir William Mackinnon, mkuu wa ile kampuni iliyomtuma Lugard. Lakini wasafiri wa leo hawamjui Mackinnon. Wanaijua Mackinnon Road kwa ajili ya kaburi la Seyyid Baghali lililo katika msikiti wa hapo, ambapo madereva wengi husimama na kutoa sadaka ili safari iwe ya salama. Hivyo jina moja laweza kubaki lilivyo, na sababu ya kujulikana kwake ikabadilika kabisa.

Mlango wa pili ni wa tukio, na huu haubishi hodi. Tazameni Tsavo. Mwaka wa 1898 ilikuwa kambi ya wajenzi wa daraja la reli tu. Simba wawili wakawashambulia wajenzi kwa miezi mingi, wakawala, hata kazi ikasimama kwa muda. Bwana J. H. Patterson, aliyesimamia ujenzi wa daraja, akawaua simba hao mwezi wa Desemba mwaka huo huo, na mwaka wa 1907 akatoa kitabu juu ya habari hiyo. Hesabu ya waliouawa imebishaniwa tangu wakati huo: Patterson alitaja watu 135, lakini wataalamu waliopima mifupa na nywele za simba hao walitoa mwaka wa 2009 hesabu ya watu karibu 35. Simba wenyewe wako Chicago, katika jumba la makumbusho liitwalo Field Museum, lililonunua ngozi zao kutoka kwa Patterson. Ndiyo maana mtoto wa Chicago aweza kulijua jina la Tsavo, na asijue kwamba watu walioliwa walikuwa na wake na watoto.

Kapenguria nayo haikuomba kujulikana. Mwaka wa 1952 Serikali ya kikoloni ilitafuta mahali pa mbali pa kumhukumia Jomo Kenyatta na wenzake watano, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Ikachagua Kapenguria, katika nchi ya Wapokot, mahali pasipokuwa na hoteli wala reli, tena mtu hakuruhusiwa kuingia bila kibali. Kesi ilisikilizwa katika jengo la shule, na mawakili ikawabidi kulala Kitale na kusafiri kila siku. Nia ilikuwa kesi isikilizwe mbali na macho ya watu. Kumbe wakaja mawakili kutoka Uingereza, India na Nigeria, wakaja na waandishi wa magazeti, na hukumu ilipotolewa tarehe 8 Aprili 1953, jina la kituo kile kidogo lilikuwa limekwisha kusomwa katika miji mikubwa ya dunia. Mahali pa kufichia pakawa mahali pa kujulikana. Leo kuna makumbusho hapo, na vyumba vya mahabusu walimofungiwa watu sita wale hutazamwa na watoto wa shule.

Hola, penye mto Tana, ina habari ya uchungu zaidi. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa kizuizini walipigwa na walinzi hata wakafa, kwa kulazimishwa kufanya kazi. Tangazo la kwanza la Serikali lilisema kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Daktari alipochunguza maiti, maneno hayo yakaanguka. Mwezi wa Julai mwaka huo Bunge la London lilikesha likijadili habari ya Hola, mahali ambapo wabunge wengi wasingaliweza kupaonyesha katika ramani. Jina hilo likawa aibu kiasi kwamba mahali pakaitwa Galole, na baada ya Uhuru jina la Hola likarudishwa. Ndugu msomaji, fikiri juu ya jambo hilo. Jina likiisha kushika tukio, kulibadili jina hakuliondoi tukio.

Wataalamu wa tiba wamelifahamu neno hili vizuri. Mwaka wa 1976 ugonjwa wa kutisha ulizuka katika misheni ya Yambuku, kaskazini mwa Kongo, ambayo wakati huo iliitwa Zaire. Waliouchunguza hawakupenda kuwapa watu wa Yambuku jina la ugonjwa milele, wakachukua jina la mto ulioko mbali kidogo, nao ni Ebola. Lakini msitu mdogo wa Zika, kando ya njia ya Entebbe kule Uganda, haukupata huruma hiyo. Kirusi kilipatikana humo katika damu ya nyani mwaka wa 1947, kikaitwa Zika, na mwaka wa 2016 jina hilo likawatisha mama wajawazito wa Brazili na nchi nyingine nyingi, watu ambao hawatauona msitu ule maishani mwao. Mwaka wa 2015 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kutoa shauri kwamba magonjwa mapya yasipewe majina ya mahali. Ni shauri la busara, ila kwa Zika lilichelewa.

Hata katika mlango huu wa tukio liko tukio la furaha. Nyang'oma Kogelo, kijiji cha Siaya, kilikuwa kijiji cha wakulima kama vijiji vingine, hata mwana wa mtu wa hapo, Barack Obama, alipochaguliwa kuwa Rais wa Marekani mwezi wa Novemba 2008. Mara moja dunia nzima ikataka kujua Kogelo ni wapi, na nyaya za umeme zikafikishwa kwa haraka ambayo vijiji vingine havijapata kuiona. Bibi yake wa kambo, Mama Sarah, aliyefariki mwaka wa 2021, alipokea wageni wa kila rangi uani kwake. Walakini, Rais Obama alipokuja Kenya mwaka wa 2015 hakufika Kogelo. Alifika mwaka wa 2018, alipokuwa amekwisha kutoka katika urais. Sifa ya kuzaliwa kwa mtu ni kama mvua ya mawingu ya mbali: ikinyesha, shukuruni, isiponyesha, jembe liko mkononi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye mlango wa tatu, ambao mimi nauheshimu kuliko yote, nao ni wa kazi. Iten, katika nyanda za juu za Elgeyo Marakwet, ni mji ambao mtu aweza kuupita akiwa anapiga chafya. Uko juu sana, kama mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Mwaka wa 1976 mtawa mmoja wa Ireland, Brother Colm O'Connell, alikuja kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's. Hakuwa mtaalamu wa riadha. Akatazama, akajifunza, akawazoeza wavulana, kisha na wasichana, mwaka baada ya mwaka. Mmoja wa wanafunzi wake katika mbio, David Rudisha, alikimbia mita 800 katika Olimpiki ya London mwaka wa 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, mwendo ambao hakuna mwanadamu aliyekuwa ameupata. Leo wakimbiaji wa Ulaya, Marekani na Asia hupanda ndege kwenda Iten kufanya mazoezi katika vumbi jekundu. Jina hilo halikuletwa na simba, wala na kesi, wala na bahati. Lilijengwa kila asubuhi, kwa miguu.

Dagoretti Corner pia ina jina la kazi, na wengi wa wakaaji wake hawalijui. Hapo, kando ya barabara ya Ngong, ndipo yalipo makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, na chuo ambamo wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika wamefundishwa elimu ya mvua na upepo. Kituo hicho kiko juu karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kutoka hapo puto hurushwa angani, limebeba chombo kidogo cha kupima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa, likapanda zaidi ya kilometa 20 kabla ya kupasuka, na habari zake zikapelekwa duniani kote. Mtu wa Tokyo au Geneva akifungua orodha ya vituo vya hali ya hewa vya dunia, atalikuta humo jina la Dagoretti. Na mkulima wa kwetu Kibwezi, angojaye mvua za vuli apande mbaazi zake, asikiapo redioni kwamba mvua zitachelewa, anasikia habari iliyopikwa Dagoretti Corner. Majirani zangu hupita hapo kila siku wakidhani ni ofisi tu yenye ua na milingoti.

Labda msomaji atasema, Bwana Karani, habari hizi ni nzuri, lakini mimi kwetu hakuna simba, wala rais, wala puto. Jina la kijiji changu litanifaa nini? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa habari iliyotupata katika ukoo wetu.

Mtoto wa shangazi yangu alikuja kukaa kwangu, karibu na kona hii, kwa miezi saba akitafuta kazi. Alikuwa kijana mpole na mwenye bidii. Asubuhi aliwasaidia maseremala kupakia viti, jioni akala kwa mama mmoja muuza chakula karibu na kituo cha matatu. Hatimaye akapata kazi ya udereva katika nchi moja ya Ghuba. Alipokuwa akijaza karatasi zake nyumbani kwangu, nilimwona ameandika mahali pa nyumbani kuwa Nairobi. Nikamwambia, "Ndugu yangu, wewe kwenu ni Kibwezi. Andika Kibwezi, uandike na kata na kijiji." Akacheka kwa adabu, akasema, "Kaka, huko ng'ambo nani aijuaye Kibwezi? Nairobi yajulikana na wote." Karatasi zilikuwa zake, naye alikuwa mtu mzima. Zikaenda hivyo.

Mwaka wa pili wa kazi yake aligongwa na gari usiku akivuka barabara. Simu yake ilivunjika pale pale. Alilala hospitalini siku mbili bila kusema neno, akafa. Waliomwajiri wakatazama karatasi zake, wakakuta jina lake, na neno Nairobi, na nambari ya simu ambayo alikwisha kuiacha. Wakaandika barua Nairobi. Lakini Nairobi ina watu zaidi ya milioni nne! Barua yenye jina la mtu na jina la mji mkubwa ni kama sindano iliyotupwa katika shamba la mtama. Siku zikapita. Shangazi yangu alikuwa Kibwezi akipalilia, akijua mwanawe yu hai, akilalamika tu kwamba siku hizi hapigi simu. Siku kumi na tisa zilipita hivyo.

Aliyetuokoa katika giza hilo ni kijana wa Uganda aliyelala chumba kimoja na marehemu. Hakujua kwao ni wapi, lakini alikumbuka kwamba marehemu alipenda kusimulia habari za mahali paitwapo Dagoretti Corner, na mafundi wa viti, na chakula cha mama fulani. Akampelekea rafiki yake aliyeko Nairobi picha ya marehemu na jina la kona. Rafiki huyo, ambaye hakutujua wala hatukumjua, akapanda matatu, akashuka Dagoretti Corner saa nne asubuhi, akaanza kuionyesha picha ile. Bodaboda wakampeleka kwa maseremala. Maseremala wakampeleka kwa mama muuza chakula. Mama akaitazama picha, akavua kitambaa cha kichwa, akasema, "Huyu ni ndugu wa Bwana Karani." Kabla ya jua kuzama walikuwa mlangoni pangu. Usiku huo nikasafiri kwenda Kibwezi, nikamwambia shangazi kwa mdomo wangu, naye akalia akiwa katikati ya jamaa zake, kama ipasavyo. Mwili ukaletwa, tukauzika kando ya baba yake.

Tangu siku hiyo nimefahamu maana ya jina la mahali padogo. Jina la mji mkubwa huwaficha watu. Aliyesema Nairobi amesema watu milioni nne, ni kama hakusema kitu. Lakini aliyesema Dagoretti Corner amewataja seremala, na mama muuza chakula, na kijana wa bodaboda, yaani watu wanaoweza kumtambua mtu kwa sura. Jina kubwa halikumpata ndugu yetu kwa siku kumi na tisa. Jina la kona lilimpata kwa siku moja. Wala halikuwa jina la kona peke yake, bali watu wa kona hiyo waliomjua.

Nina jambo kwa makarani wenzangu. Sisi ndio waandikao majina ya mahali katika vitabu vya Serikali, nasi tukiyaandika ovyo, makosa hukaa. Msomaji amesikia habari za Olduvai kule Tanzania, bonde ambalo Mary Leakey alipata mwaka wa 1959 fuvu la kale sana, hata jina la bonde likaingia katika vitabu vya shule vya dunia nzima. Wamasai hawasemi Olduvai. Wao husema Oldupai, jina la mkonge wa mwitu uotao hapo. Mgeni alisikia vibaya na kuandika vibaya tangu mwaka wa 1911, na watu wameshindwa kuling'oa kosa hilo kwa zaidi ya miaka mia moja. Basi mwananchi afikapo mezani pako na kusema kwao ni kijiji fulani, usimwambie kwamba nafasi haitoshi, wala usimwandikie jina la mji wa wilaya kwa sababu ni rahisi. Muulize herufi, uziandike zote. Huenda siku moja mjane akaja na karatasi hiyo, na haki yake ikawa imetegemea neno moja ulilolifupisha.

Na kwa wakulima na vijana wao nina jambo pia. Mwacha asili ni mtumwa. Msione haya kwa jina la kwenu kwa sababu halimo katika habari za redio. Waterloo ilikuwa kijiji tu kule Ubelgiji, na vita vile vya mwaka wa 1815 havikupiganwa hasa humo, bali karibu yake. Lakini Jemadari Wellington aliandika taarifa yake ya ushindi akiwa Waterloo, akaandika na jina la mahali alipokuwa, na jina hilo ndilo lililobaki. Kwa hiyo mwandikapo barua, au fomu ya kazi, au hati ya shamba, au cheti cha mtoto, andikeni kijiji, andikeni kata, andikeni na soko au kituo cha karibu ambapo watu wanawajua. Wafundisheni watoto waliozaliwa mjini kuyatamka majina hayo sawasawa. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa Nairobi, naye akiulizwa kwao hujibu Kibwezi, kisha hutaja kijiji, kisha hutaja jina la babu yake. Wenzake walimcheka mwanzoni. Sasa wengine wao wameanza kuwauliza wazazi wao majina ya kwao.

Kama siku moja jina la kijiji chako litavuka bahari, hapana ajuaye. Tukio laweza kuja, la furaha au la msiba, nalo halina mwaliko. Lakini kazi njema yaweza kufanywa kila siku, na ujirani mwema waweza kutunzwa kila siku, na jina laweza kuandikwa sawasawa leo hii. Hayo matatu yako mikononi mwetu. Kila msomaji na atazame karatasi zake na za watoto wake wiki hii, na penye jina la mji mkubwa peke yake, aongeze jina la kwao.